Sura ya 6: Mita Mia Nne za Tambarare

Warundi wana Bugarama zaidi ya moja. Ile ya Muramvya iko juu, kwenye baridi, na madereva wa malori wanaijua kwa kabichi na karoti zinazouzwa kando ya barabara. Ya sura hii iko upande wa ziwa, katika ukanda wa Rumonge, kwenye barabara ya RN3 inayotoka Bujumbura kwenda kusini ikifuata ufuo wa Tanganyika. Huko, kwenye mialo kama ya Magara, mitumbwi huingia asubuhi na samaki, ndagala na mukeke, wanawake hupokea, huanika, hupimiana, hubishana bei, na jua likishapanda biashara kubwa imekwisha. Kisha watu hupanda kwenda makwao.

Kwenye huko kupanda ndiko habari yetu inakoanzia. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukivuka barabara tu, milima ya Mumirwa inaanza, na haikomi mpaka kwenye mgongo unaotenganisha maji yaendayo Kongo na yale yaendayo Nili, zaidi ya mita 2,000. Nyumba, migomba, mihogo, shule na makanisa vimejipanga kwenye mteremko huo. Mtu aliyepooza upande mmoja wa mwili, akiwa anaishi huko, pengine hana mita kumi za ardhi iliyo sawa mlangoni pake. Choo kiko nyuma ya nyumba, chini kidogo. Maji yako bondeni. Njia ya kwenda barabarani ni ya udongo, na mvua za Machi na Aprili huifanya utelezi mtupu. Akizidiwa, wanaume wa jirani humbeba kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa, wakipokezana mabega mpaka barabarani. Ingobyi husifiwa kuwa alama ya ujirani mwema, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ingobyi humpeleka mtu hospitalini mara moja. Haimpeleki mazoezini mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, na kurudi kutembea kunadai hivyo.

Wanaopoteza mwendo katika ufuo huu wanafika huko kwa njia tofauti. Kuna ajali za pikipiki. Kuna michikichi: Rumonge ni nchi ya mawese, na mchikichi mrefu lazima upandwe ili mkungu ukatwe. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro kuhusu majeraha ya uti wa mgongo uliona kwamba kuanguka kuliwavunja watu wengi kuliko ajali za barabarani. Kuna polio, ambayo wengi walishaisahau: Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko, wa kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, baada ya virusi kupatikana kwa mtoto wa miaka minne wa wilaya ya afya ya Isare, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amechanjwa. Na kuna kiharusi. Hesabu zilizo karibu nasi ni za Tanzania, zilizokusanywa kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, kisha zikachapishwa 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Hiyo ya Dar ni miongoni mwa tarakimu za juu kabisa zilizowahi kuandikwa popote. Shinikizo la damu lisilotibiwa linabeba lawama kubwa, na shinikizo halisubiri mtu ahamie jijini.

Sasa twende kwa watafiti. Wale wanaochunguza mwendo hawaanzi na jina la ugonjwa. Wanauliza: unaweza kwenda mbali kiasi gani, kwa muda gani, bila kushikwa mkono? Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao LIFE, uliochapishwa 2014, uliwachukua watu 1,635 wa umri wa miaka 70 hadi 89, wote wakiwa bado wanatembea lakini miguu imeanza kuwasaliti. Nusu walipewa programu ya kutembea na kuimarisha misuli. Nusu walipewa masomo ya afya. Kila baada ya muda waliombwa watembee mita 400 ndani ya dakika 15, bila kuketi na bila kusaidiwa na mtu, fimbo iliruhusiwa. Aliyeshindwa alihesabiwa kuwa amepoteza mwendo. Baada ya miaka 2.6 kwa wastani, walioshindwa walikuwa asilimia 30.1 katika kundi la mazoezi na asilimia 35.5 katika kundi la masomo.

Watu watano hivi kati ya mia. Wapo watakaodharau. Mimi sidharau, kwa sababu dawa nyingi zinazouzwa ghali zingefurahia tofauti kama hiyo, na hapa dawa ilikuwa kutembea. Kinachonisumbua ni kipimo chenyewe. Mita 400 kwa dakika 15 ni sentimita 44 kwa sekunde, polepole sana, na juu ya sakafu iliyo sawa. Mzee anayefaulu mtihani huo anaandikwa kwamba ana mwendo. Mwondoe kwenye ukumbi wa hospitali, mweke kwenye njia ya udongo inayopanda kutoka barabarani kwenda nyumbani kwake juu ya Magara, na huenda asifike hata kona ya kwanza.

Kwa wagonjwa wa kiharusi, mizani inayotumiwa zaidi ilitoka California. Mwaka 1995 Jacquelin Perry na wenzake waliwapima wagonjwa 147 na kuwagawa kwa kasi. Wa chini ya mita 0.4 kwa sekunde ni watembeaji wa ndani ya nyumba. Kati ya 0.4 na 0.8 ni watembeaji wa nje kwa kiasi. Wa zaidi ya 0.8 wanaweza kwenda mjini, wakavuka barabara na wakafanya shughuli zao. Ni mgawanyo mzuri, kwa kuwa unaunganisha namba na maisha. Lakini maisha yenyewe ni ya California. Kwa kasi ya 0.4, kilomita moja ya tambarare humchukua mtu dakika 42 hivi. Kwa 0.8, dakika 21. Aliyeko kilomita tatu kutoka kituo cha afya, akiwa kwenye mpaka wa chini, anahitaji zaidi ya saa mbili kwenda tu, kama njia ingekuwa sakafu. Na "ndani ya nyumba" hapa ni wapi? Jiko la Bugarama mara nyingi liko nje. Choo kiko nje. Bomba, likiwepo, liko nje. Mtu ambaye Perry angemwita mtembeaji wa ndani, kwenye mteremko huu hana pa kutembea kabisa.

Vipimo vingine vina ila kama hiyo. Kile cha dakika sita kilizaliwa Uingereza: 1976 wagonjwa wa mapafu walitembezwa dakika 12, na 1982 ikaonekana kwamba dakika sita zinatosha bila kuwachosha bure. Mwongozo wa Marekani wa 2002 unataka ukumbi ulionyooka, ulio sawa, wa mita 30. Kituo kidogo cha afya vijijini kingelazimika kupima uani, kati ya wanaosubiri chanjo na kuku wa mlinzi. Kipimo cha Montréal cha 1991 kinamtaka mgonjwa ainuke kwenye kiti chenye mikono, aende mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Mama wa ufuoni anayechambua ndagala akiwa ameketi kwenye mkeka, mtihani wake mkubwa ni kuinuka kutoka chini. Kipimo kinachoanzia kitini kinamkuta sehemu ngumu ya kazi imeshaondolewa.

Haya yote yanarekebishika, na Waafrika wameanza kuyarekebisha. Nchini Benin, dodoso la Kibelgiji la uwezo wa kutembea baada ya kiharusi, ABILOCO, lilipimwa upya kwa wagonjwa wa huko na toleo la Benin likachapishwa 2014. Walioandika hawakutosheka kutafsiri maswali. Walirudi kupima ni shughuli zipi ngumu na zipi rahisi kwa watu wanaoishi pale. Kazi ya namna hiyo ufuoni Tanganyika ingeuliza mambo ambayo hakuna dodoso la Ulaya lingeyakumbuka: kushuka mwaloni asubuhi mchanga ukiwa umelowa, kupanda na beseni kichwani, kuingia kwenye mtumbwi unaoyumba, kuswali ukisujudu na kuinuka, kukaa nyuma ya pikipiki mguu mmoja ukiwa hausikii.

Kuhusu tiba, utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa LEAPS, ulioongozwa na Pamela Duncan na kuchapishwa 2011. Kwa miaka mingi ilikuwa imeaminika kwamba njia ya kisasa ya kumrudishia mgonjwa wa kiharusi mwendo ni kumning'iniza kwa mikanda juu ya mashine ya kukimbilia, uzito wake ukipunguzwa, wataalamu wakiongoza miguu yake hatua kwa hatua. Mashine ni ghali na inataka watu kadhaa kwa mgonjwa mmoja. LEAPS iliwagawa wagonjwa 408. Kundi moja lilianza mashine miezi miwili baada ya kiharusi. La pili lilisubiri mpaka mwezi wa sita ndipo likaanza. La tatu halikuiona mashine: mtaalamu wa viungo aliwafuata nyumbani, akawafanyisha mazoezi ya nguvu na ya kutotetereka. Kila kundi lilipangiwa vipindi 36 vya dakika 90. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wagonjwa wote walikuwa wamepanda daraja katika mwendo, kwa mizani ileile ya 0.4 na 0.8, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya mashine na nyumbani. Zaidi ya hapo, wenye hali mbaya zaidi walioanzishwa mashine mapema ndio walioelekea kuanguka mara nyingi.

Fikiria maana yake kwa nchi kama Burundi. Waliokuwa wakiona aibu kwamba hawana mashine waliambiwa na wenye mashine kwamba wasione aibu. Chumba, kiti, ukuta wa kushikilia na mtaalamu anayejua anachofanya vinaweza kumfikisha mgonjwa palepale.

Tatizo ni kwamba habari njema hiyo mara nyingi husomwa nusu. Watu huchukua neno "nyumbani" na kuliacha neno "mtaalamu". Wanasema: basi tuifundishe familia, familia itamfanyisha mzee mazoezi, hatuhitaji zaidi. India ilijaribu jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Utafiti wa ATTEND, uliochapishwa 2017, uliwachukua wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, pamoja na huduma hiyo, jamaa yao mmoja alifundishwa kumhudumia na kumfanyisha mazoezi, kuanzia hospitalini na kuendelea nyumbani hadi miezi miwili. Baada ya miezi sita, waliokuwa wamefariki au wanategemea wengine walikuwa asilimia 47 katika kundi la familia, na asilimia 47 katika kundi la kawaida.

Majaribio haya mawili hayakupima jambo moja wala hayakuwa na wagonjwa wa aina moja, kwa hiyo si haki kuyapambanisha kama timu za mpira. Hata hivyo, piga hesabu ya LEAPS: vipindi 36 vya dakika 90 ni saa 54 za mtaalamu na mgonjwa mmoja. Hizo saa hazipatikani kwa kumwonyesha binti wa mgonjwa mazoezi siku chache kabla baba hajaruhusiwa. Na huyo binti ni nani? Ufuoni ndiye yuleyule anayelima, anayechota maji, anayesubiri mitumbwi alfajiri. Kumwachia na mazoezi ya mzee ni kumwongezea kibarua kisicho na mshahara, kisha kumlaumu mzee asiposimama. Nadhani India ilitufanyia hisani kwa kulisema hili kwa namba.

Kinachofaa kufundishwa familia ni mambo machache ambayo yasipojulikana yanaleta madhara. La kwanza ni bega. Anayemhudumia mgonjwa, kwa mapenzi, humwinua kwa kuuvuta mkono uliopooza, na bega lisiloshikiliwa na misuli likavutika nje ya mahali pake. Mtaalamu wa viungo yeyote atakwambia ndio maneno anayoyarudia kila siku: "Mama, usimvute mkono huo. Pita nyuma, mshike kiunoni." Naye atajibiwa: "Daktari, sasa baba atasimama lini?" Swali la lini linahitaji jibu la makini kuliko linavyopata. Utafiti wa AVERT, wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliochapishwa 2015, ulijaribu kuwainua wagonjwa mapema sana na mara nyingi, kuanzia saa 24 za kwanza. Wengi walitegemea kwamba mapema ni bora. Waliopona vizuri walikuwa asilimia 46 kwa walioharakishwa na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Lakini hao wa kawaida nao hawakulazwa wiki nzima: wengi wao walikuwa wameshaondolewa kitandani ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo utafiti huo haumpi mtu ruhusa ya kumwacha mgonjwa kwenye mkeka mwezi mzima kwa kisingizio cha kupumzisha ubongo. Unasema usimkurupushe, umwinue kidogo kidogo.

Wataalamu wenyewe wako, ila wako mbali na Bugarama. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, jijini Bujumbura, inafundisha wataalamu wa viungo. Institut Saint Kizito, pia Bujumbura, imehudumia watoto wenye ulemavu wa viungo kwa miaka mingi. Viungo bandia na vishikizo vya miguu hutengenezwa katika kituo cha taifa cha Gitega, ng'ambo ya milima. Mafundi wa kazi hiyo katika Afrika Mashariki wamekuwa wakifunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, tangu 1981. Kwa mtu wa ufuoni, Bujumbura inafikika kwa basi, siku ambayo RN3 haijakatwa na maporomoko au kuliwa na ziwa, kama ilivyotokea mara kwa mara miaka ya karibuni. Gitega ni safari ya kulala. Na vishikizo vya plastiki vya mguu wa mtoto anayekua vinataka kubadilishwa kila anapoongezeka kimo. Safari moja haitoshi kwa hilo.

Kwa sababu hiyo nauona utafiti mmoja mdogo, wa Charles Batcho na wenzake, kuwa na thamani kuliko ukubwa wake. Wagonjwa wa kiharusi cha muda mrefu, wengine Ubelgiji na wengine Benin, walitembea kwa kikundi, kwa mwendo wa haraka, mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Ulichapishwa 2013. Wakapata nafuu katika mwendo na shughuli. Udhaifu wake uko wazi: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu anayepimwa tena na tena huwa anajitahidi zaidi. Lakini njia yenyewe inamgawa mtaalamu mmoja kwa watu kumi badala ya mmoja, na haitaki chumba.

Tena Burundi haihitaji kufundishwa kutembea kwa kikundi. Kukimbia pamoja asubuhi za mwisho wa juma, watu wakiimba na kupiga makofi kwenye barabara za Bujumbura, ni desturi ya siku nyingi. Imekita kiasi kwamba Machi 2014 serikali ilipoogopa kwamba vikundi hivyo vinaficha siasa, ilivizuia isipokuwa katika viwanja vilivyotajwa. Nchi ambayo mazoezi ya pamoja yaliwahi kuwa hoja ya usalama wa taifa haina uhaba wa ari. Kikundi cha waliopata kiharusi kingehitaji njia fupi ya tambarare ufuoni kwa mwanzo, kisha mteremko mdogo, kisha mkubwa, mtaalamu wa kuja mara moja kwa wiki, na viongozi wawili wa hapohapo wanaojua kupima shinikizo la damu kabla ya kuanza. Mwenye namba za juu siku hiyo anakaa kivulini. Hilo la mwisho halina mjadala.

Na kama mtu wa Bujumbura angetaka kulifanya jaribio la kweli, lenye kundi la kulinganisha, tatizo la maadili lingekuja mapema: utamwambiaje nusu ya watu wasitembee? LEAPS iliwahi kulitatua. Nusu ianze leo, nusu isubiri, halafu nayo ipate. Kipimo kiwe cha aina mbili, mita kumi za tambarare ili namba zake zisomeke Geneva na Kampala, na njia ya kutoka mwaloni mpaka barabarani, ikipimwa kwa saa na kwa idadi ya mara alizosimama kupumua, ili namba zake zisomeke Magara.

Watakaowekwa kwenye foleni wataogopa kwamba wamechelewa. Ni hofu inayosikika kila mahali: ukipita miezi mitatu bila mazoezi, basi tena. Kundi la pili la LEAPS, lile lililosubiri, lilianza mashine miezi sita baada ya kiharusi, likiwa limepata huduma ya kawaida tu hadi hapo. Katika mwezi wa sita lilikuwa nyuma ya wenzake. Mwaka ulipotimia, lilikuwa limewafikia.